Sare mnauza, pesa anakula nani?

SWALI: Mama Mshauri, shikamoo. Mimi ni katibu wa asbl ndogo, yaani chama kisichotafuta faida, hapa Kadutu, Bukavu. Tunafundisha wasichana kushona, na sare wanazoshona tunaziuza. Tumefungua blogu lakini hakuna anayeisoma. Papa prezida wetu anasema tubandike humo ripoti zilezile tunazomtumia mfadhili, kwa Kifaransa, yatosha. Nifanyeje?
Katibu, Kadutu

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mpe prezida heshima zake, lakini kwa hili usimfuate. Ripoti ina msomaji mmoja, naye analipwa kuisoma. Mama anayeuza ndizi sokoni Kadutu hana haja na "uwezeshaji wa wasichana walio katika mazingira magumu". Anauliza kimoja tu: hizo sare mnauza, pesa anakula nani?

Anzia hapo. Sheria ya asbl, namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001, inaruhusu biashara iwe ya pembeni tu, na inataka chama kisiwatafutie wanachama wake faida. Kwa hiyo mama yule ana haki ya kuuliza. Mwandikie kitambaa kilinunuliwa kwa bei gani, sare imeuzwa kwa pesa ngapi, na kilichobaki kimefanya nini. Weka hesabu kwa franka pia, si dola peke yake. Risiti ya kitambaa ipige picha uiweke.

Halafu kila mara andika jambo moja, lile lililotokea kweli. Kwa mfano: wiki ya kuelekea ufunguzi wa shule Septemba, mkanda wa cherehani umekatika, msichana mmoja akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakifunga kwa waya, akaendelea kukanyaga, na mashati meupe yakatoka siku ileile. Habari kama hiyo mtu ataisoma mpaka mwisho, tena atamsimulia jirani. Andika kwa Kiswahili, kisha chini weka mistari michache ya Kifaransa kwa mfadhili. Hatakasirika.

Usingoje watu waje wenyewe. Tuma kiungo kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, ya parokia, ya ndugu walio Brussels. Facebook nayo si mbaya, ila huko habari inazama upesi. Ya kwenye blogu ina anwani yake, na mwaka kesho mtu akiuliza unamtumia ileile.

Picha ndizo zinazonitia wasiwasi. Kwanza zinakula mega za watu. Jitumie picha kwanza kwa WhatsApp, kama picha ya kawaida, itapungua uzito, na alama ya mahali ilipopigwa itaondoka. Hilo la mahali si dogo kwa mji wetu. Kuhusu nyuso za wasichana, mimi ningeziacha. Msichana anayehitaji cherehani yako atakuambia "ndiyo" hata kama moyoni anakataa. Piga mikono, kitambaa, kola iliyokamilika. Jina lake na mtaa wake visikae pamoja popote.

La mwisho ni neno la siri. Mlijue watu wawili, wewe na mtunza hazina. Kijana aliyewafungulia blogu akihamia Kampala, msije mkabaki mnapiga hodi kwenu wenyewe.