Maswali ya Wasomaji: Chuo cha Nje kwa Kijana Ambaye Bado Anajifunza Kiingereza

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Mwanangu wa kiume amemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), amepata daraja la pili, na anataka kusomea sayansi ya kompyuta. Tatizo letu ni Kiingereza. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, na huko sekondari, ingawa masomo yalifundishwa kwa Kiingereza, alizoea kukariri. Akiulizwa swali ambalo hakulitarajia hunyamaza. Wakala mmoja ametuletea vyuo vitatu, kimoja Canada, kimoja Malaysia na kimoja Uturuki, akatuhakikishia kwamba hakuna kinachodai IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, na kwamba Kiingereza mtoto atakipata hukohuko. Anataka malipo ya awali kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeuza kiwanja kwa ajili ya jambo hili. Nichague nchi ipi?
Mama, Morogoro

JIBU: Mama, maneno ya wakala wako yana sehemu mbili, na ni vizuri uzitenganishe kabla hujafikiria nchi. Ni kweli kwamba vyuo vingi humpokea mwanafunzi asiye na cheti cha IELTS. Hata hivyo, kupokelewa huko kwa kawaida ni udahili wa masharti, maana yake chuo kinamwita kijana asome kwanza kozi ya lugha, na akifikia ngazi waliyoiweka ndipo aanze shahada. Sehemu ya pili, kwamba lugha ataipata hukohuko, haina mwenye kuidhamini, na hapo ndipo fedha za wazazi wengi zinapoteketea: kijana anamaliza miezi sita ya kozi, anakosa alama inayotakiwa, analipa miezi mingine sita, na shahada aliyoifuata bado hajaianza.

Kwa hiyo swali la kumuuliza wakala si kama IELTS inahitajika. Muulize ni nani atakayeamua kwamba mwanao amefikia ngazi ya kuanza shahada: je, ni walimu wa chuo chenyewe, ni mtihani wa nje, au ni kituo binafsi cha lugha kilichopangisha jengo jirani na chuo? Muulize pia kijana anaruhusiwa kurudia mara ngapi, marudio hayo yanagharimu kiasi gani, na ada ya shahada iliyolipwa mapema inarudishwa au hairudishwi endapo hatafuzu lugha. Majibu ya maswali haya yatoke chuoni kwa maandishi, katika barua yenye jina la kijana na jina la programu, wala usitosheke na ujumbe wa simu kutoka kwa wakala. Wakala wengi hulipwa kamisheni na vyuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Hilo peke yake si kosa, lakini ni sababu ya kutosha ya kutolitegemea neno lake tu.

Sasa nchi zenyewe, kwa kuwa hazifanani hata kidogo katika jambo hili. Canada ndiyo inayohitaji hesabu ya makini zaidi. Mwanafunzi aliyedahiliwa kwa sharti la kusoma lugha kwanza kwa kawaida hupewa kibali cha masomo kinachohusu kipindi cha kozi ya lugha, na akishafuzu analazimika kuomba upya ili aendelee na shahada. Katika kipindi hicho cha lugha haruhusiwi kufanya kazi, kwa hiyo kama mpango wenu ulikuwa kwamba atajisaidia kwa kibarua, uondoeni katika hesabu za mwaka wa kwanza. Tangu mwaka 2024 serikali ya huko imeweka kikomo cha idadi ya vibali vya masomo, na waombaji wengi sasa wanahitaji barua ya uthibitisho kutoka jimbo wanalokwenda. Kuanzia Septemba 2025, mwombaji anayekwenda peke yake nje ya jimbo la Quebec anatakiwa aonyeshe dola 22,895 za Canada za kujikimu kwa mwaka, mbali na ada ya mwaka wa kwanza na nauli. Mama, kiwanja kimoja cha Morogoro kinaweza kumalizika kabla kijana hajaingia darasa la kompyuta.

Malaysia ni nafuu zaidi, na utaratibu wake unamruhusu mwanafunzi aingie kwa kozi ya Kiingereza kwanza, kwa muda usiozidi mwaka mmoja, kisha aendelee na programu yake. Maombi ya wanafunzi wa kigeni hupitia ofisi iitwayo EMGS, na programu zilizothibitishwa zimo katika daftari la mamlaka ya serikali ya sifa za elimu, MQA, ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua kwenye intaneti. Tafuta humo programu yenyewe ya sayansi ya kompyuta; jina la chuo peke yake halitoshi.

Uturuki ina utaratibu ambao mimi binafsi naupendelea kwa kijana wa aina hii, kwa sababu mwaka wa lugha umo ndani ya chuo kikuu chenyewe. Katika chuo kinachofundisha kwa Kiingereza, kama METU cha Ankara kilichoanzishwa mwaka 1956, mwanafunzi aliyedahiliwa hufanya mtihani wa Kiingereza anapofika. Akifaulu huanza shahada mara moja, na asipofaulu huingia mwaka wa maandalizi wanaouita hazırlık, huku nafasi yake ya shahada ikimngoja. Muda huo nao una mwisho, kwa kuwa asiyefuzu ndani ya miaka miwili hupoteza nafasi yake katika programu ya Kiingereza. Lakini jihadhari na jambo moja ambalo mawakala hulipitia haraka: chuo kimoja cha Uturuki kinaweza kuwa na programu ya kompyuta inayofundishwa kwa Kiingereza kitupu, nyingine ambayo Kiingereza ni asilimia 30 tu, na ya tatu iliyo kwa Kituruki. Barua ya udahili iseme wazi ni ipi kati ya hizo. Na hata katika programu ya Kiingereza, dukani, hospitalini na kwenye basi kijana atakutana na Kituruki, kwa hiyo mazoezi ya kuzungumza atayapata darasani na hosteli zaidi kuliko mtaani.

Uingereza hukuitaja, ila wasomaji wengi huiulizia. Huko mwombaji wa viza ya mwanafunzi anatakiwa awe na Kiingereza cha ngazi ya B2 (katika mizani ya Ulaya ya lugha, inayoanzia A1 hadi C2) kwa shahada, na B1 kwa kozi iliyo chini ya shahada, ukiwemo mwaka wa msingi, yaani mwaka wa maandalizi kabla ya shahada. Chuo kikuu kinaweza kumpima chenyewe mwanafunzi wa shahada, lakini kwa kozi ya chini ya shahada mtihani unaotambuliwa na serikali yao hauepukiki kwa waombaji wengi wa kwetu. Mtu akikuambia kwamba mwaka wa msingi wa Uingereza hauna mtihani wa lugha, mwombe akuonyeshe kanuni hiyo imeandikwa wapi.

Ushauri wangu wenyewe, Mama, ni kwamba usilipe chochote mwezi huu. Kwanza mpime kijana. Vitabu vya mazoezi vyenye mitihani kamili ya IELTS vinapatikana, naye akikaa mezani kwa muda uleule wa mtihani, yaani dakika 30 za kusikiliza, 60 za kusoma na 60 za kuandika, kisha akahojiwa kwa dakika kumi na tano hivi na mwalimu asiyemfahamu, mtajua yuko wapi. Nadhani mtaona kwamba kusoma kwake si kubaya kama mnavyohofia, na kwamba udhaifu uko katika kusikiliza na kuzungumza, kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyo kwa wengi waliopita njia yake. Alama za IELTS huenda hadi 9, na vyuo vikuu vingi vya Uingereza na Canada hutaka 6.0 au 6.5 kwa shahada ya kwanza, alama ambazo zimo katika ngazi ya B2.

Watunzi wa mitihani ya Kiingereza ya Cambridge hukadiria kwamba mwanafunzi hufikia ngazi ya B1 baada ya saa 350 hadi 400 za kufundishwa tangu alipoanza, na B2 baada ya saa 500 hadi 600. Pengo kati ya ngazi hizo mbili, basi, ni saa 150 hadi 200. Kwa saa mbili kila siku ya kazi, hizo ni wiki 15 hadi 20, yaani miezi minne au mitano ambayo mwanao anaweza kuisoma Morogoro au Dar es Salaam akila chakula cha nyumbani, kwa sehemu ndogo ya gharama ya kozi hiyohiyo ng'ambo. Vyuo vingi vya Canada hupokea wanafunzi Januari pia, kwa hiyo kuchelewa muhula mmoja hakumharibii kitu. Akifika na alama yake mkononi hataingia kwa masharti, na maswali yote niliyoyaorodhesha juu yatakuwa yamejifuta. Akipungukiwa kidogo, kozi ya lugha atakayoihitaji huko itakuwa ya wiki chache tu.

Wakati huo wa kusubiri utumieni pia kwenda Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Huko ndiko Mtanzania anayekwenda kusoma shahada nje hupata barua ya kutokuwa na pingamizi, na ndiko atakakorudisha cheti chake siku akihitaji kitambuliwe hapa nchini. Muulizeni ofisa wa Tume kuhusu chuo, programu na huyo wakala mwenyewe.

SWALI: Mshauri, mimi ni msichana wa Bujumbura. Nimemaliza sekondari kwa Kifaransa na kupata diploma yangu. Nataka kusoma uuguzi Kampala. Kiingereza ninakielewa kidogo, Kiswahili ninakijua vizuri. Chuo kimoja kimeniambia nianze moja kwa moja mwaka wa kwanza, kingine kinataka nisome Kiingereza miezi sita kwanza. Nadhani cha kwanza ni bora kwa kuwa sitapoteza muda. Je, nakosea?

JIBU: Dada yangu, chuo kinachokupa miezi sita ya lugha ndicho kilichokufikiria zaidi. Uuguzi si somo la kuelewa nusunusu: dozi, maelezo ya mgonjwa na taarifa za zamu vyote vitakuwa kwa Kiingereza, na kuanzia mafunzo ya wodini hakuna atakayekusubiri ufungue kamusi. Mwanafunzi anayeanza shahada bila lugha mara nyingi hushindwa masomo ya mwaka wa kwanza akayarudia, na mwaka mzima wa kurudia ni ghali kuliko miezi sita ya maandalizi. Hata hivyo, usikikubali chuo hicho kabla hujajua darasa la lugha lina saa ngapi kwa wiki na ni nani wanaosoma humo. Ukikuta darasa zima ni wanafunzi kutoka Burundi na Kongo, mtazungumza Kifaransa na Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, na mtaani Kampala utasikia Kiganda. Omba hosteli utakayochanganyika na Waganda wanaosoma programu yako, kwa kuwa hao wamefundishwa kwa Kiingereza miaka yote ya sekondari.

Kuna mambo mawili ya karatasi. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda, NCHE, huidhinisha vyuo na pia kila programu, na idhini ya programu ina muda wake wa kuisha. Angalia kwamba uuguzi wa chuo unachokitaka bado uko ndani ya muda huo, kisha uulize kama mamlaka husika za Burundi zitakutambua kwa shahada hiyo ukirudi. Pili, diploma yako ya sekondari itahitaji kulinganishwa na vyeti vya Uganda na baraza lao la mitihani, UNEB, na kazi hiyo hudai tafsiri rasmi ya hati za Kifaransa. Ianze ukiwa bado Bujumbura, ambako kupata nakala na mihuri ya shule ni rahisi kuliko kuagiza kwa simu.

SWALI: Assalamu alaykum. Tunaishi Muscat, nyumbani tunazungumza Kiswahili, na binti yangu amesoma shule ya serikali kwa Kiarabu. Anataka kwenda Uingereza kusoma uhandisi. Nimpeleke akaanze mwaka wa msingi hukohuko, au asome mwaka wa msingi hapa Oman kwanza?
Baba, Muscat

JIBU: Waalaykumu salaam. Mwaka wa msingi wa vyuo vya Oman, ambao viwango vyake vya kitaifa viliwekwa mwaka 2008, una Kiingereza, hisabati, kompyuta na stadi za kujifunza, kwa hiyo kwa upande wa lugha utamsaidia sana, tena akiwa nyumbani. Lakini umetungwa kwa ajili ya kumwingiza mwanafunzi katika vyuo vya Oman, na chuo kikuu cha Uingereza hakilazimiki kuuhesabu kama mwaka wa msingi wa uhandisi, ambao huko hudai fizikia na hisabati za kina. Viandikie vyuo viwili au vitatu anavyovitaka, uwapelekee mihtasari ya masomo ya chuo cha Muscat, na uwaulize kama wanaukubali. Wakikataa, asome Kiingereza peke yake hapo Muscat hadi apate alama ya mtihani, kisha aende moja kwa moja kwenye mwaka wa msingi wa Uingereza. Matokeo ya IELTS hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo asiufanye mapema mno.