Uso wa Mzazi-Mungu unabanduka

SWALI: Najifunza kuchora ikoni (picha takatifu) ya Kigiriki ya Mzazi-Mungu, yaani Bikira Maria, na Mtoto Yesu kwa rangi iliyochanganywa na kiini cha yai. Uso unapasuka na kubanduka. Pia, mama na mtoto wakae vipi? — Msomaji, Namungoona, Kampala

JIBU: Dada, huenda yai limezidi. Viringisha kiini kwenye tishu mpaka kikauke nje, kishike kwa vidole, kitoboe juu ya kikombe, utando utupe. Ongeza maji kiasi hichohicho na matone machache ya siki. Unga wa rangi usage kwa maji uwe uji mzito, kisha changanya na yai nusu kwa nusu. Ikikauka na kufutika kwa kidole, yai halitoshi. Iking'aa na kupasuka, limezidi au umepaka nene. Kagua ubao pia: uwe umepakwa unga laini wa chaki uliochanganywa na gundi ya ngozi ya mnyama. Ubao uliopakwa rangi ya ukutani haunyonyi vizuri, ndiyo maana picha hubanduka.

Uso huanza na kijani cha zeituni, si rangi ya ngozi. Pandisha mwanga kwa okra (rangi ya udongo wa manjano), tabaka nyembamba nyembamba, umalizie na vistari vyeupe chini ya macho.

Kwa mkao, anza na mkao uitwao Odigitria: mama anamwonyesha Mtoto kwa mkono. Mkao wa Eleousa, shavu kwa shavu, ni tamu zaidi lakini kivuli kati ya nyuso mbili huwashinda wengi. Usisahau nyota tatu za mama, kwenye paji la uso na mabegani (moja mara nyingi hufichwa na Mtoto), na herufi ΜΡ ΘΥ, kifupi cha Kigiriki cha “Mama wa Mungu”.