Kusafisha utumbo si kutibu kisukari

SWALI: Shikamoo daktari. Nina kisukari aina ya pili, natumia metformin na glibenclamide. Nimeuziwa unga wa kusafisha utumbo. Muuzaji anasema bakteria wabaya wakitoka, sukari inatulia. Nimeunywa siku tatu, nimehara sana, na sukari ya asubuhi imeshuka kutoka 11 hadi 6. Niache vidonge?
Msomaji, Igoma, Mwanza

JIBU: Marahaba. Cha kuacha ni huo unga, na uuache leo. Vidonge usiviache kwa neno la muuzaji. Kama bado unahara, wahi kituo cha afya. Wao ndio waseme kipi kisimamishwe kwa muda.

Hiyo 6 haikuletwa na bakteria. Unga wa namna hii mara nyingi ni sanamaki au dawa nyingine ya kuharisha. Umehara na chakula hakikukaa, huku glibenclamide inaendelea kulikamua kongosho litoe insulini hata tumbo likiwa tupu. Sukari ya mtu wa hivyo huweza kushuka chini ya 4 usiku: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Ukianza kuhisi hivyo, koroga sukari vijiko vinne vya chai katika nusu glasi ya maji, unywe, pima tena baada ya dakika 15. Tena mwili ukikauka maji figo huzidiwa, na metformin hutolewa na figo hizohizo. Ikijaa kwenye damu ni hatari.

Bakteria wa utumbo mpana kweli wana kazi. Huchachusha nyuzinyuzi, na asidi zinazotokana na hapo huuchochea utumbo kutoa homoni ya GLP-1, inayosaidia insulini kutoka baada ya mlo. Ukiwaharisha, hujijenga upya kwa kile unachokula, na kama ni sembe na soda, umerudi palepale. Walishe: maharage, choroko, mchicha, dona. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina nyuzinyuzi kama gramu 15. Anza na robo kikombe, ongeza kila wiki, la sivyo tumbo litajaa gesi. Ugali wa udaga (unga wa muhogo) ni wanga karibu mtupu, kwa hiyo tonge la ukubwa wa ngumi latosha, na mboga za majani zijaze nusu ya sahani, kando ya sato au dagaa. Haya yote husaidia dawa, hayachukui nafasi yake.

Wauzaji hawa wananiudhi kwa sababu hushangilia kipimo cha asubuhi moja. Anayedai ametibu kisukari mwombeni majibu ya HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, ya kabla ya dawa yake na ya miezi mitatu baadaye. Mwulizeni pia kama aliuliza hali ya figo za mgonjwa kabla ya kupokea hela.