Usukani ukikaa upande, usikubali ung'olewe

Nilikuwa narudi Dar kutoka Morogoro usiku, mvua imetoka kukatika, na kabla ya kufika Mlandizi nikaingia kwenye shimo lililojaa maji. Gurudumu la mbele kushoto lilipiga mpaka vitu vya kwenye dashibodi vikadondoka. Nilisimama mbele kidogo, nikamulika kwa tochi ya simu: rimu nzima, tairi halijapasuka. Nikashukuru Mungu, nikaendelea. Asubuhi yake, kwenye barabara iliyonyooka, nikaona nembo ya Toyota katikati ya usukani imeinamia kulia. Gari linakwenda sawa, ila mikono yangu imekaa kama ya mtu anayekata kona.

Gari ni Toyota IST, ile ya toleo la kwanza, na wenye nazo wanajua zilivyo nyepesi kuzizoea. Baada ya siku tatu sikuiona tena ile kasoro. Hapo ndipo pa kuogopa: mwili unazoea upesi, tairi halizoei.

Gereji niliyokwenda waligundua tairodi endi ya kushoto, yaani ncha ya fimbo inayogeuza gurudumu, imelegea. Wakaibadilisha. Fundi alihesabu mizunguko wakati anafungua ile ya zamani, akaingiza mpya kwa mizunguko ileile. Mafundi wengi hufanya hivyo na si kosa, lakini kipimo hicho ni cha kukufikisha kwenye alaimenti tu (kupima na kunyoosha magurudumu kwa mashine), maana spea mpya na ya zamani hazilingani urefu mpaka milimita ya mwisho. Nilipotoka kujaribu, usukani ulikuwa umeinama zaidi ya mwanzo. Niliporudi kulalamika, yule kijana akasema, "Hii ndogo bosi, tunanyoosha stelingi hapahapa." Akafungua kifuniko, akalegeza nati ya kati, akauchomoa usukani, akaugeuza meno mawili matatu, akaurudisha. Dakika kumi. Nembo ikasimama wima kabisa. Nikalipa nikaondoka nimeridhika.

Sasa nieleze kilichotokea, kwa sababu najua gari nyingi hapa mjini zimenyooshwa usukani kwa njia hiyohiyo.

Chini ya usukani kuna kitu cha duara cha plastiki, mafundi wanakiita spairo kebo. Ndani yake kuna utepe mwembamba wa nyaya uliokunjwa kama springi ya zile saa za zamani za kujaza kwa ufunguo. Utepe huo ndio unaopeleka umeme kwenye honi na kwenye eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukukinga ukigonga, huku usukani ukizunguka. Una nafasi ya kuzunguka kiasi fulani kulia na kiasi hichohicho kushoto, basi. Usukani ukitolewa, kile kiduara kinabaki huru, na kikizunguka bila mtu kukishika, kinarudi kikiwa nje ya kati. Changu kilirudishwa hivyo. Wiki chache baadaye, Kariakoo, naingia sehemu finyu ya kuegesha, nikakata kona mpaka mwisho, nikasikia kitu kimekatika taratibu ndani ya usukani. Taa ya eabegi ikawaka. Nikabonyeza honi, kimya. Niliendesha kutoka Kariakoo mpaka nyumbani bila honi, bodaboda wakipita pande zote mbili, na najua kwamba siku ile ningegonga ukuta, ule mfuko wa hewa usingefunguka.

Hilo ni la kwanza. La pili lilikuwa linaendelea chini, kimya. Kugeuza usukani hakugusi magurudumu hata kidogo. Yale ya mbele yalikuwa yametazama nje, kila moja upande wake, na kila kilomita niliyokwenda yalikuwa yanasugua lami badala ya kubingirika juu yake. Tairi mbili mpya zililika kingo za ndani mpaka nyaya zikaonekana, na hazikuwa zimemaliza miezi minne. Ukisimama nje ya gari ulikuwa unaziona nzima, kwa sababu upande wa nje ulikuwa bado na meno yake yote. Aliyeziona ni kijana wa kuziba pancha.

Ndipo nikapelekwa kwa fundi mmoja mzee, Tabata. Nilimwamkia, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mwanangu, gari linavuta, au usukani tu ndio umekaa upande?"

Haya ni magonjwa mawili. Gari linalovuta, ukilegeza mikono linahama njia. Usukani uliokaa upande, gari linakwenda moja kwa moja ila usukani umeinama. Kinachovuta kinaweza kuwa upepo wa tairi usiolingana, breki ya upande mmoja inayoshika (baada ya mwendo, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa, utasikia moja ina joto kuliko mwenzake), au tairi lenyewe. Kwa tairi kuna jaribio rahisi: badilishana za mbele, ya kulia iende kushoto, ilimradi si zile zenye mshale wa mwelekeo. Gari likianza kuvuta upande wa pili, ugonjwa uko kwenye tairi, na hakuna alaimenti itakayouponya.

Na uchague pa kujaribia. Barabara zetu zimejengwa na mgongo ili maji yateremke pembeni, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari zima kabisa litasogea kushoto taratibu ukiliachia. Ile njia kuu ya Morogoro ndiyo mbaya kuliko zote kwa jaribio hili, malori yameichimba mifereji sehemu nyingi na gari dogo linafuata mfereji. Mimi huenda Kigamboni Jumapili asubuhi, kwenye barabara pana tambarare, na kabla ya kutoka napima upepo tairi zikiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mikono nailegeza tu, siiondoi.

Mzee hakugusa mashine yoyote siku ya kwanza. Alipandisha gari kwa jeki, akaweka stendi, akashika gurudumu kulia na kushoto, pale ambapo uso wa saa una namba 3 na namba 9, akalitikisa. Likicheza hapo, tazama tairodi na ncha za reki, kile chuma cha meno ambacho usukani unakisogeza kulia na kushoto. Kisha akashika juu na chini, akatikisa tena. Likicheza hapo, ni boljointi (kiungo chenye kichwa cha duara kinachoshikilia gurudumu) au beringi. Halafu akaingiza chuma kwenye bushi, yaani mipira ya maungio, za mkono wa chini unaoshikilia gurudumu, akasukuma, akaniita nione. Bushi ya nyuma ya upande wa kushoto ilikuwa imechanika, ule ule upande wa shimo la Mlandizi. Gereji ya kwanza walibadilisha kilichoonekana, wakakiacha kilichojificha. Ukipima alaimenti juu ya bushi iliyochanika, unapima kitu ambacho kitahama ukifunga breki ya kwanza.

Hapa nisisitize jambo moja la bushi, maana limenigharimu zamani kwenye gari lingine: bolti zake zikazwe mwisho gari likiwa limeshuka, uzito ukiwa juu ya magurudumu. Zikikazwa gari likining'inia, ule mpira unabaki umepinda siku zote na unachanika mapema. Mwambie fundi, hata kama atakasirika.

Baada ya bushi, akarudi kwenye usukani. Alitoa nyaya za betri akasubiri, tukazungumza habari za mpira. Toyota wenyewe wanataka isubiriwe angalau sekunde 90 kabla ya kugusa mambo ya eabegi, na yeye alisubiri zaidi. Akazungusha usukani mpaka mwisho wa kulia, kisha mpaka mwisho wa kushoto akihesabu, akagawa kwa mbili, akapata kati halisi ya reki. Hapo ndipo aliporudisha usukani wima, na spairo kebo mpya ikiwa imewekwa katikati yake. Kwa maneno mengine, alianza kwa kuondoa ule unyooshaji wa uongo. Usukani ukawa umenyooka na magurudumu yametazama kando, na ukweli ukawa wazi.

Kisha tukaenda kwenye mashine, na mzee akaja nami. Naomba mtu anayesoma hapa ashike hili kuliko mengine yote: kwenye mashine, kabla nati yoyote haijalegezwa, usukani ufungwe wima kwa ile fimbo inayokazwa kati yake na kiti. Nimeona vijana wanaacha kuifunga. Wanarekebisha magurudumu, namba zote kwenye skrini zinakuwa kijani, unapewa karatasi, unatoka, na usukani umekaa upande kama ulivyoingia. Mashine haikudanganya. Magurudumu kweli yamenyooka, ila yamenyooshwa usukani ukiwa umeinama.

Wapime pia magurudumu ya nyuma, na waanze na hayo. Kama ya nyuma yametazama pembeni, gari litatembea kimshazari na utalazimika kushika usukani upande maisha yote, hata ya mbele yawe sawa vipi. Kwenye IST ekseli ya nyuma ni chuma kimoja kisicho na pa kurekebishia, kwa hiyo namba mbaya huko maana yake kuna kilichopinda. Yangu, alhamdulillahi, ilikuwa sawa. Mbele kinachorekebishwa hasa ni toi, yaani magurudumu yanavyotazamana, kwa kuzungusha tairodi. Kemba, ule mlalo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele, inasogea kidogo tu kwenye bolti mbili za chini ya shokapu.

Kama toi ya jumla ni nzuri na usukani pekee ndio umeinama kidogo, fundi anayejua haanzi upya. Kwenye gari ambalo tairodi ziko nyuma ya ekseli, kama IST, usukani ukiinamia kulia unafupisha tairodi ya kulia na kurefusha ya kushoto, robo mzunguko kwa robo mzunguko, sawasawa pande zote. Zikiwa mbele ya ekseli ni kinyume chake. Mzee alichora alama ya chokaa kwanza, akalegeza kibanio cha mpira wa reki usijipinde, akazungusha, akakaza nati, tukatoka barabarani, tukarudi, akaongeza kidogo tena. Mara mbili tu. Nililipa baada ya kuendesha mwenyewe, na kijana wa mashine hakuona ubaya.

Gari jipya zaidi, lenye mfumo wa kuzuia kuteleza, lina kihisio kinachosoma pembe ya usukani. Hilo baada ya alaimenti mara nyingi linahitaji kihisio kirudishwe kwenye sifuri kwa kompyuta. Uliza kabla hujaondoka.

Bei ya alaimenti ni ndogo kuliko ya tairi moja, na mimi nilipoteza mawili. Siku hizi nikitoka mkoani, asubuhi kabla sijawasha gari nainama na kupitisha kiganja kwenye meno ya tairi za mbele, kutoka nje kwenda ndani, kisha kurudi. Upande mmoja ukiteleza laini na wa kurudi ukakwaruza kama msumeno, toi imehama. Na kingo za ndani nazitazama kwa tochi, nimekata usukani mpaka mwisho ili zitokeze.