Dirisha la Dawa: Mbona Mnakichunguza Cheti Changu?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Tanga mjini na vitongoji vyake, na karibu zote zinazunguka jambo moja: daktari ameshaandika, mgonjwa anasubiri dawa, sasa mfamasia hapo katikati anatafuta nini? Tumechagua tano. Wanaojibu ni wafamasia wa safu hii.

Asalaam aleikum. Nilipeleka cheti famasi, mbele yangu wako watu wanne tu, nikakaa karibu nusu saa. Yule wa dirishani kaniuliza umri, mimba, dawa ninazotumia, kisha akampigia daktari simu. Daktari si ameshanipima? Maswali ya nini tena?
*Msomaji, Ngamiani*

Wa aleikumu salaam. Daktari amekupima, ni kweli, lakini cheti amekiandika akiwa na foleni mlangoni. Kazi ya dirishani ni kukisoma kana kwamba kina kosa mpaka kithibitike hakina.

Kwanza inasomwa karatasi yenyewe. Iwe na jina lako kamili, umri, tarehe, ugonjwa, jina la dawa na nguvu yake, kipimo, mara ngapi kwa siku, siku ngapi, halafu jina na saini ya aliyeandika pamoja na kituo chake. Kimoja kikikosekana, kazi inasimama. Mfano rahisi: cheti kinasema "Amlodipine 1×1". Kidonge kimoja mara moja kwa siku, sawa, lakini kuna cha mg 5 na cha mg 10. Anayekisia hapo huenda amekupa dawa ya presha mara mbili ya ile aliyokusudia daktari.

Mwandiko nao una mitego yake. Carbamazepine ni ya kifafa, carbimazole ni ya tezi ya shingo. Ziandike haraka kwa kalamu inayokwisha wino uone kama utazitofautisha. Chlorpromazine ni ya maradhi ya akili, chlorpropamide ni dawa ya zamani ya kisukari, na akipewa asiye na kisukari sukari yake huanguka. Ndiyo maana tunapenda ugonjwa uandikwe kwenye cheti: unamaliza ubishi. Nukta ni balaa jingine. "5.0 mg" nukta ikififia inasomeka 50, ".5 mg" inasomeka 5. Anayejua huandika "5" tupu, na nusu huandika "0.5".

Baada ya karatasi unakuja wewe. Swali la mimba linaulizwa kwa sababu enalapril, captopril na losartan, dawa za presha za kila siku kabisa, humdhuru mtoto tumboni. (Liulizwe kwa sauti ya chini, si mbele ya foleni nzima. Hapo mkilalamika mna haki.) Aleji inaulizwa kwa kuwa mtu husema "penicillin inanidhuru" halafu akapokea amoxicillin au Ampiclox bila kujua ni ukoo mmoja. Na dawa nyingine zinaulizwa kwa kuwa si ajabu mtu kuja na Flagyl kutoka zahanati moja na metronidazole kutoka nyingine, akameza zote. Ni dawa ile ile.

Ile simu kwa kawaida haizidi dakika mbili: "Dokta, nina mgonjwa wako hapa, cheti kinasoma amlodipine bila nguvu, ulikusudia 5 au 10?" Jibu linaandikwa kwenye cheti, na saa, na saini ya aliyepiga. Daktari asipopatikana, dawa yenye utata inazuiwa na zile zisizo na shaka unapewa, mradi hazitegemeani.

Kinachobaki ni mikono. Lebo ya kopo husomwa mara tatu: linapotoka rafuni, wakati wa kuhesabu, na linaporudishwa. Vidonge vinahesabiwa vitano vitano kwenye sahani yake kwa kijiti, si kwa kiganja. Tarehe ya mwisho inaangaliwa pia, na haitoshi iwe haijapita leo: ukipewa dawa ya presha ya miezi mitatu, hata kidonge cha siku ya mwisho kiwe bado ndani ya muda. Kisha bahasha inaandikwa jina lako, dawa, nguvu na matumizi, na mtu wa pili anakagua kabla hujaitwa. Ukiambiwa "hebu niambie utakunywaje", usione unapewa mtihani wa darasani. Makosa mengi hugundulika hapo, mgonjwa anaporudia kwa maneno yake.

Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, kilo 11, ana nimonia. Cheti kiliandikwa Amoxicillin 250 mg/5 ml, ml 10 asubuhi na jioni, siku 5. Famasi wamenipa chupa mbili na kuniandikia ml 20. Daktari na mfamasia, nani kakosea?
*Mama wa mtoto, Pongwe*

Hakuna aliyekosea, dada, ila ulipaswa kuelezwa kabla hujaondoka.

Tuanze na hesabu ya daktari. Kwa nimonia ya mtoto, kipimo ni kama mg 40 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Kilo 11 mara 40 ni mg 440, na mwongozo wa watoto wa kilo 10 hadi chini ya 14 unaikamilisha kuwa mg 500. Dawa ya 250 mg/5 ml ina mg 500 ndani ya ml 10. Mara mbili kwa siku, siku tano: ml 100, chupa moja barabara.

Famasi hawakuwa na hiyo. Walikuwa na ya 125 mg/5 ml, nyepesi nusu kwa nusu, kwa hiyo mg 500 zile zile zinakaa ndani ya ml 20 na chupa zinakuwa mbili. Mtoto anapata dawa ile ile kwa maji mengi zaidi. Linganisha kwa miligramu, usilinganishe kwa mililita. Hatari ingekuwa kukupa chupa nyepesi huku wakiacha "ml 10" kama ilivyo: mtoto angekunywa nusu dozi siku tano, homa ingegoma, na lawama ingeiangukia dawa.

Sasa jinsi ya kuchanganya, maana hapa ndipo wengi wanapoiharibu. Tikisa chupa kavu kwanza mpaka unga uachane na kitako. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa. Ya moto yanaiharibu dawa. Tia karibu nusu, tikisa vizuri, kisha ongeza mpaka kwenye mstari wa chupa. Ngoja povu litulie, utaona maji yameshuka chini ya mstari, ongeza tena kidogo. Usijaze mpaka shingoni, utakuwa umeipunguza nguvu.

Na usichanganye chupa zote mbili leo. Mtoto anatumia ml 40 kwa siku, hivyo ya kwanza inakwisha siku ya tatu asubuhi. Ya pili ibaki unga mpaka hapo. Ikishachanganywa, nyingi hutupwa baada ya siku 7. Fuata lebo ya chupa yako kuhusu friji. Pima kwa kikombe chenye alama au bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani, kile cha ndani si kile cha jirani.

Mtoto akipumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akilegea, usingoje chupa ya pili. Mrudishe hospitali saa hiyo hiyo.

Wanangu, hamjambo. Natumia losartan na bendro kwa presha. Kijana wangu kaniletea dawa ya magoti kutoka Mombasa, inanipa nafuu sana. Nilipokwenda kuchukua dawa zangu mfamasia akaiona, akasema niiache. Mbona inanisaidia?
*Mzee, Pangani*

Hatujambo, shikamoo mzee wetu. Afadhali uliibeba ukaionyesha.

Jina kubwa kwenye boksi ni la kampuni, na ng'ambo ya mpaka wa Horohoro hubadilika. Mfamasia amesoma maandishi madogo chini yake, na kwa maelezo uliyotuandikia humo mna diclofenac mg 100. Inatuliza maumivu, hilo hatubishani nawe. Shida ni inakokutana na dawa zako mbili. Figo inahitaji damu iingie kwa msukumo wa kutosha ili ichuje. Bendro inapunguza maji mwilini, losartan inalegeza mshipa wa kutokea kwenye chujio, na diclofenac inabana ule wa kuingilia. Kila moja peke yake figo inaweza kuistahimili. Zikikutana zote tatu kwa mtu mzima, tena joto la Tanga likimkausha maji kwa jasho, figo inaweza kugoma bila kuuma hata kidogo. Juu ya hapo diclofenac yenyewe hupandisha presha, hivyo unameza losartan na kuipinga kwa mkono mwingine.

Kwa magoti anza na paracetamol: vidonge 2 vya mg 500, dozi hadi dozi zipite saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Kama ini lako lina tatizo au umekonda sana, muulize mfamasia wako akupunguzie. Dawa ya kupaka huingia kidogo sana kwenye damu, nayo muulize. Ukiona mkojo umepungua, miguu imevimba au choo cheusi kama lami, nenda hospitali leo, na boksi uende nalo.

Ramadhani inakaribia. Natumia metformin na glibenclamide mg 5, zote 1×2. Naweza kuzihamishia usiku tu? Na mtu akiandikiwa antibayotiki 1×3 afanyeje?
*Msomaji, Chumbageni*

Metformin haina kishindo, wengi huinywa kwa futari na kwa daku. Glibenclamide ndiyo ya kuogopa. Inalisukuma kongosho litoe insulini ukiwa umekula au hujala, na nguvu yake hudumu karibu siku nzima. Ukiimeza daku, alasiri tumbo tupu bado inafanya kazi. Daktari huipunguza ile ya daku au kuibadilisha kabisa, na hilo lifanyike wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Usijipangie mwenyewe. Wapo pia ambao daktari atawaambia wasifunge, na sheria imewapa ruhusa.

Kuchoma kidole kupima sukari, wanazuoni wengi hawakuoni kuwa kunabatilisha saumu, basi pima. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au ikipita 16.6, fungua. Jasho la ghafla, mikono kutetemeka, maneno kugongana: fungua kwa maji ya sukari hata kama adhana imebaki dakika tano.

Kuhusu 1×3, maana yake ni kila saa 8. Kutoka magharibi hadi alfajiri hapa Tanga ni saa kumi na kitu. Ukizibana dozi tatu humo, mchana saa kumi na tatu au zaidi dawa inapungua mwilini na vijidudu vinapumua. Mwambie daktari au mfamasia unafunga *kabla* cheti hakijaandikwa au dawa haijahesabiwa. Kwa maradhi mengi ipo ya mara moja au mara mbili kwa siku.

Dada yangu yuko Dar, kanitumia picha ya cheti kwa WhatsApp nimnunulie dawa. Famasi moja wamekataa, nyingine wameuza. Sheria ipi?
*Msomaji, Muheza*

Waliokataa ndio tunaowaunga mkono. Picha inafaa kuulizia kama dawa ipo na bei yake. Kutoa dawa ni jambo jingine, kwa sababu cheti halisi kikishahudumiwa hugongwa muhuri na kuandikwa kilichotolewa, lakini picha moja inaweza kuzunguka famasi tano za mjini ndani ya mchana mmoja na kila mahali ikawa mpya. Kwa dawa zenye udhibiti mkali, kama diazepam au morphine, cheti halisi hubaki famasi na kila kidonge huingia kwenye rejista. Usishangae pia ukielekezwa kutoka duka la dawa muhimu kwenda famasi: maduka hayo yameruhusiwa dawa chache tu za cheti, na nyingine hayaruhusiwi hata kuziweka rafuni. Mwambie dada akatumie cheti chake huko huko Dar, au akutumie chenyewe kwa basi.