Mama ana sarafu milioni 40 kwenye simu: je, aende klabu?

SWALI: Shikamoo. Tunaishi Blacktown, magharibi ya Sydney. Mama yangu ana miaka 58, na tangu afanyiwe upasuaji wa goti amekuwa akicheza sloti kwenye simu, ile michezo ya bahati ya magurudumu yenye picha. Picha na hata jina la mchezo ni vilevile kama vya mashine zilizoko kwenye klabu ya jirani, ambako watu hucheza kwa pesa halisi. Sasa amefikisha sarafu milioni 40, na kwa ngazi aliyofika dau la chini ni sarafu 200,000. Anauliza zinatolewaje kwenda benki. Pia anasema, kama bahati yake ni nzuri hivi, kwa nini asiende klabu Jumamosi na dola 300? Mimi nimeangalia kadi yangu, ambayo niliiunganisha na simu yake, nikakuta malipo 14 ya dola 14.99 kwa miezi miwili. Hii si kamari? Na kama ni kamari, inaruhusiwaje Australia, ambako naambiwa kasino za mtandaoni ni marufuku?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi miaka mingi ya kukagua programu za mashine za sloti kabla hazijafungwa kwenye klabu na baa, kwa hiyo umeniuliza jambo ninalolijua hadi kwenye nati zake.

La sarafu ni jepesi: hazitolewi. Hakuna benki, wakala wala kitufe kilichofichwa. Soma masharti ya programu yoyote ya aina hii, utakuta yameandikwa wazi kwamba sarafu hazina thamani ya fedha na haziwezi kubadilishwa. Mama akikutana na mtu kwenye WhatsApp au Facebook anayemwambia atamtolea sarafu zake kwa ada kidogo, huyo ni tapeli.

Halafu tuzipime hizo milioni 40. Dau la chini ni 200,000, kwa hiyo ana mizunguko 200. Akizungusha kila baada ya sekunde sita, asipopata kitu, ni dakika 20 za kucheza. Utajiri wote ule ni dakika 20. Ndivyo michezo hii inavyojengwa: kadiri unavyopanda ngazi, sarafu zinaongezeka na dau linaongezeka nazo, kama noti za nchi yenye mfumuko wa bei. Unahisi umekuwa tajiri, kumbe mkate nao umepanda.

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo ndilo linalonitia wasiwasi. Bahati ya kwenye simu haisemi lolote kuhusu mashine ya klabu, hata kama jina na picha ni zilezile. Kufanana huko hakukutokea kwa bahati. Aristocrat, kampuni ya Sydney iliyoanzishwa mwaka 1953 na ambayo mashine zake zimejaa klabu za nchi hii, inamiliki pia Product Madness, watengenezaji wa michezo ya simu kama Heart of Vegas na Lightning Link Casino. Nyumba moja ina mlango wa klabu na mlango wa simu. Muziki na michoro vinahama kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Hesabu ya ndani hailazimiki kuhama navyo.

Nikueleze hesabu ya klabu kwanza. Mashine ya sloti, pokizi kama wanavyoiita Waaustralia, ina kizalishaji cha namba za nasibu, yaani programu inayotoa namba zisizotabirika. Ukibonyeza, namba inachukuliwa na matokeo yanajulikana papo hapo. Magurudumu yanayozunguka kwenye skrini ni maonyesho tu ya jambo lililokwisha. Kuna viwango vya kitaifa vya Australia na New Zealand ambavyo mashine lazima ivitimize, na maabara huru huipima kabla jimbo halijaikubali. Moja ya mambo tuliyokuwa tukiyasaka ni hili: kila mzunguko usimame peke yake. Mashine hairuhusiwi kusema "huyu amepoteza sana, tumpe kidogo asiondoke", wala "huyu ameshinda, tumkamue". Programu ina alama yake ya kidijitali. Ukibadilisha herufi moja, alama inakataa. Na hapa New South Wales mashine zimeunganishwa na mfumo mkuu wa jimbo unaozifuatilia.

Usinielewe vibaya: haki hiyo ni ya hesabu, si ya mfuko wako. Sheria ya New South Wales inataka mashine irudishe angalau asilimia 85 ya madau. Jimbo la Victoria ni 87. Watu wengi huielewa vibaya asilimia hiyo. Wanadhani ukiingia na dola 100 utatoka na 85. Sivyo. Asilimia inahesabiwa kwenye kila dau, na ushindi mdogo mdogo unaurudisha mwenyewe kwenye mashine. Chukua mashine nzuri kidogo, ya asilimia 90. Pitisha dola 100 zote kwenye madau mara moja tu, kwa wastani unabaki na 90. Zungusha hizo 90, unabaki na 81. Fanya hivyo mara kumi, unabaki na dola 35 hivi. Na mara kumi si safari ndefu: kwa dau la dola moja na mizunguko 600 kwa saa, mama ataweka madau ya dola 600 kwa saa moja, na wastani wa kupoteza ni dola 60. Kwenye mashine ya asilimia 85 ni dola 90. Na dola moja si dau kubwa, maana mashine za jimbo hili zinakubali hadi dola 10 kwa mzunguko.

Wastani si ahadi. Jumamosi hiyo anaweza kurudi na dola 900. Anaweza pia kumaliza 300 kabla chai haijapoa.

Kuna jambo jingine ambalo macho hayalioni. Magurudumu hayalazimiki kuwa sawa. Mwaka 2018 Mahakama ya Shirikisho iliamua kesi ambayo mwanamke aitwaye Shonica Guy aliishitaki Aristocrat pamoja na kasino ya Crown kuhusu mashine iitwayo Dolphin Treasure. Magurudumu yake manne yalikuwa na alama 30 kila moja, la tano likiwa na alama 44. Ukitazama skrini unaona yote matano yanafanana, lakini hilo la mwisho ndilo gumu kuliko mengine, kwa hiyo mara kwa mara alama nne zinakaa sawasawa na ya tano inapita. Dada huyo alidai muundo huo unapotosha. Alishindwa, mahakama haikuona kuwa sheria imevunjwa. Mimi naitaja kesi hiyo ili mama ajue kwamba "nimekosa kidogo tu" ni kitu kinachoweza kutengenezwa na fundi mezani, tena kihalali.

Turudi kwenye simu. Kule hakuna maabara inayoilazimisha programu, hakuna asilimia ya chini, hakuna mfumo wa jimbo. Hesabu iko kwenye seva ya kampuni na inaweza kubadilishwa asubuhi na tena jioni. Hakuna sheria ya pokizi inayoikataza kumpa mchezaji mpya ushindi mwingi ili apende, kisha kubana baadaye, pale kifurushi cha sarafu cha dola 14.99 kinapotokea kwenye skrini. Sisemi kwamba programu ya mama inafanya hivyo. Sijaiona kwa ndani. Nasema hakuna wa nje mwenye kazi ya kuangalia. Programu haina hasara ikimpa sarafu bilioni, maana haitoi hata senti. Kwa hiyo mtu akijifunza "kushinda" huko halafu akaenda klabuni, ni kama aliyejifunza kuogelea kwenye picha ya bahari.

Tena ona jambo la ajabu: klabuni, kwa wastani, kati ya kila dola 100 za madau zinarudi 85 au zaidi. Kwenye simu, kati ya dola 210 ulizokwisha kulipa hairudi hata senti. Kwa kipimo cha pesa peke yake, mchezo wa "bure" ndio wenye marejesho sifuri. (Wale waliokulia Kenya na mashine za kutumbukiza shilingi 20 dukani wanaweza kucheka: angalau ile ilikuwa na tundu la kutolea.)

Kuhusu sheria, swali lako ni zuri. Sheria ya mwaka 2001 ya kamari za mitandaoni inakataza kampuni kuwapa watu walioko Australia kasino na sloti za pesa halisi kwa njia ya intaneti. Lakini ili mchezo uhesabiwe kuwa kamari unahitaji mafiga matatu: mchezaji atoe kitu, bahati iwemo, na kuwe na ushindi wa pesa au kitu chenye thamani. Programu ya mama ina mafiga mawili. Analipa, na bahati ipo. La tatu halipo, kwa sababu sarafu hazitoki. Kwa hiyo chungu hakikai, na sheria inapita pembeni.

Si kila mahali wameridhika na hesabu hiyo. Marekani, mwaka 2018, mahakama ya rufaa iliamua, kwa kufuata sheria ya jimbo la Washington, kwamba sarafu za kuchezea za Big Fish Casino, programu ya aina hii hii, ni kitu chenye thamani kwa kuwa zinamwezesha mtu kuendelea kucheza bila kulipa tena. Wamiliki wa zamani na wapya wa programu hiyo, Churchill Downs na Aristocrat, walimaliza kesi kwa kulipa dola za Marekani milioni 155. Australia haijafika huko. Ilichofanya ni kwenye umri: tangu tarehe 22 Septemba 2024 michezo mipya yenye kamari ya kuigiza inapewa daraja la watu wazima wa miaka 18 kwenda juu. Michezo ya zamani ilibaki na daraja lake la awali, kwa hiyo usiwaachie wajukuu simu ya bibi ukidhani kuna mlinzi mlangoni.

Usije ukamwambia mama kwamba dawa ni kutafuta tovuti ya sloti inayolipa. Hizo zipo, zinatangazwa sana, na nyingi zinaendeshwa kutoka nje ya nchi. Mamlaka ya mawasiliano, ACMA, imekuwa ikizifungia tangu 2019. Kosa ni la anayetoa huduma, si la mchezaji, lakini tovuti ikikataa kukulipa huna pa kushitaki. Kati ya milango yote, huo ndio ningeufunga kwa msumari.

Sasa kazi ya mkono. Iondoe kadi yako kwenye simu ya mama leo. Kama ni iPhone, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya muda wa skrini, kisha vizuizi vya maudhui na faragha, uzime ununuzi wa ndani ya programu. Kama ni Android, weka nenosiri kwa kila ununuzi kwenye Google Play. Malipo ya karibuni unaweza kuomba yarudishwe kupitia historia ya ununuzi. Wanaweza kukubali au kukataa, ila kuomba hakugharimu. Fanya hayo mkiwa pamoja, si kwa kumvizia. Ni mama yako, na alikuwa na goti bovu na mchana mrefu.

Watu watakuambia umwandikishe BetStop, daftari la taifa la kujizuia lililoanza Agosti 2023. Linahusu kampuni za kubashiri kwa simu na mtandao; haligusi programu yake wala mashine za klabu. Klabu nazo zina utaratibu wao wa mtu kujifungia mwenyewe, na akitaka, anaomba pale mapokezi.

Akihitaji kuzungumza na mtu asiye mtoto wake, namba ya msaada wa kamari ni 1800 858 858, bure, usiku na mchana. Kiingereza kikimpa shida, apige kwanza 131 450, huduma ya wakalimani, aombe mkalimani wa Kiswahili na amwambie amuunganishe huko.