Nimekwama aya ya 102: nisomeje Jalalayni kila siku?

SWALI: Assalaamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu. Kiarabu nilisoma chuoni mpaka nikamaliza Ajurumia, kile kitabu cha mwanzo cha sarufi, kisha nikaolewa. Mwaka huu nimenunua Tafsiri ya Jalalayni, ile yenye msahafu katikati na tafsiri pembeni. Nikaweka nia ya kusoma kurasa mbili kila siku baada ya Alfajiri, ili nimalize ndani ya mwaka. Siku ya nane nikafika Al-Baqara aya ya 102, na mpaka leo, wiki ya tatu hii, sijaivuka. Maneno mojamoja nayajua, lakini nikiyaunganisha hayanipi kitu. Mume wangu ananishauri nisome ya Kiswahili tu, nisijitese. Halafu kuna zile siku zangu za kila mwezi: kitabu nakiweka kabatini, na nikikirudia nimeshasahau nilipoishia. Nifanye nini? — Fundi, Pangani

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu hapo ulipokwama na mimi nimepita.

Marehemu baba yangu alikuwa akisomesha Jalalayni barazani kwetu baina ya Magharibi na Isha. Wanaume walikaa kwenye jamvi, sisi wanawake nyuma ya pazia, na mimi nina penseli yangu ya kuandikia pembeni mwa ukurasa. Alisoma maneno mawili matatu, akayafasiri, kisha akakifunga kitabu kidole kikiwa ndani na kuuliza: "Kwa nini kalitia neno hili?" Hapendelei ujibu maana ya neno. Anataka sababu ya mwandishi kuliweka pale. Alipofariki nikasoma peke yangu miaka miwili, kila siku, nikamaliza kitabu. Siku nikaulizwa na mwanafunzi juu ya aya moja tu, nikakuta sina la kusema. Nilikuwa nimepitisha macho. Lile swali la baba nilikuwa nimeliacha kwenye jamvi.

Kwa hiyo nikwambie Jalalayni ni kitabu cha namna gani, maana nadhani hapo ndipo ulipoponyokwa. Watu hukiona kifupi wakadhani ni chepesi. Ufupi wake ndio uzito wake. Mwandishi haandiki maelezo. Anapachika neno moja, mara mawili, ndani ya aya yenyewe, na kila neno alilopachika ni jibu la swali ambalo hakuliandika. Kazi ya msomaji ni kulitafuta lile swali.

Chukua aya ya pili ya Al-Baqara, uliyoipita siku ya kwanza. *Dhalika*, akaandika: yaani *hadha*. Aya imesema "kile", naye anakwambia "hiki". Mtu akipita mbio ataona kama kabadilisha neno kwa neno. Simama. Kitabu kiko mkononi mwako, mbona kinaitwa "kile"? Mistari inayofuata mwenyewe anakujibu: ishara hiyo ni ya kutukuza. Hata sisi kwenye Kiswahili mtu mkubwa aliyekaa karibu yako unaweza kumtaja kwa "yule" kwa heshima. Kisha tazama *lil-muttaqin*. Hakusema "wachamungu" akanyamaza. Amesema ni wale wanaoelekea kwenye uchamungu, kwa kufuata maamrisho na kuepuka makatazo. Kwa nini kaliongeza hilo? Kwa sababu mtu angeuliza: aliyekwisha kuwa mchamungu, uongofu anaupeleka wapi tena? Neno moja, na mjadala mzima umo ndani yake. Sasa wewe kwa kurasa mbili umepita maneno ya namna hii mangapi kabla watoto hawajaamka kudai chai?

Hesabu yako nimeielewa. Msahafu huo una kurasa 604. Mbili kwa siku ni siku 302. Hiyo ni hesabu ya kuhitimisha msahafu kwa kuusoma, na kwa usomaji huo ni nzuri. Kwa tafsiri hii mimi ningekupa nusu ukurasa. Siku 1,208, miaka mitatu na ushei. Najua ni muda mrefu, lakini wewe ni fundi, na nguo ya harusi huishoni usiku mmoja.

Na usianzie ulipoanzia. Kitabu hiki kina waandishi wawili, ndiyo maana kikaitwa cha Majalali wawili. Wa kwanza ni Jalaluddin al-Mahalli wa Misri, aliyefariki mwaka 1459. Yeye alianza Suratul Kahf akashuka mpaka An-Nas, kisha akarudi akafasiri Al-Fatiha, na mauti yakamkuta hapo. Miaka kama sita baadaye mwanafunzi wake, Jalaluddin as-Suyuti, akaijaza nusu iliyobaki, Al-Baqara mpaka Al-Israi, kwa siku 40, na alikuwa kijana wa miaka 21. Alijitahidi kufuata mwendo wa mwalimu wake, na ukisoma utaona hakuuharibu. Ndiyo sababu katika chapa nyingi za zamani Al-Fatiha utaikuta mwisho wa kitabu, pamoja na kazi ya mwenyewe al-Mahalli. Basi ikiwa mwandishi hakuanza na Al-Baqara, wewe nani kakulazimisha? (Huyo al-Mahalli, nikwambie kwa kuwa ni wa kazi yako, aliwahi kuuza vitambaa dukani, akapewa ukadhi akaukataa.)

Anza na sura fupi, Wadhuha mpaka An-Nas, ambazo unazihifadhi tangu chuoni. Aya zake ziko kichwani, kwa hiyo akili yote unaipeleka kwenye maneno ya mfasiri. Anza na Wal-Asri. Kwenye *al-asr* ameandika: zama, au kipindi cha baada ya kupinduka jua mpaka kuchwa, au Sala ya Alasiri. "Au" mbili, maana tatu, na hapo umejifunza kwamba kitabu hiki kikisema *au* kinakupanulia mlango. Kwenye *al-insan* ametia neno moja tu: *al-jins*. Hili ndilo linalowashinda wengi wakalipita. Swali lake: ni mtu gani huyo aliye hasarani, fulani au wote? Anajibu: jinsi ya mwanadamu, wote. Na lazima iwe hivyo, kwani aya inayofuata inatoa watu nje kwa "isipokuwa", na huwezi kuwatoa wengi ndani ya mtu mmoja. Kisha *lafi khusr*, akaongeza: katika biashara yake. Hasara ni neno la sokoni, naye hataki ulisahau soko lake. Sura nzima ni mistari michache, lakini ukiisoma hivyo itakuchukua asubuhi nzima, na utaingia kwenye cherehani ukiwa bado unaitafuna.

Siku utakapofika Al-Maun, tulia kwenye neno la mwisho. Wafasiri wengine wangekueleza maana kwa sentensi ndefu. Al-Mahalli kataja vitu: kama sindano, shoka, chungu na bakuli. Basi. Vitu vya kuazimana baina ya majirani. Mimi mara ya kwanza kulisoma neno "sindano" katika tafsiri ya Kurani nililia, na mpaka leo sina maelezo mazuri ya kwa nini.

Kuhusu ushauri wa mume wako, usiukatae, ila mwambie utavichukua vyote viwili. Weka pembeni *Qurani Takatifu* ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969 alipokuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kabla ya kufungua Jalalayni, soma kwake aya za siku hiyo pamoja na maelezo ya chini, ili ujue habari inahusu nini. Ndipo uingie kwenye Kiarabu. Hashia kubwa, yaani vitabu vya kuisherehesha Jalalayni yenyewe, ya as-Sawi au ya al-Jamal, ziache kwanza. Nimeona watu wakifungua hashia kabla hawajajiuliza wenyewe, jibu wakalipata na swali hawakuwahi kulijua.

Nunua daftari moja la kurasa mia. Kila siku andika mambo mawili tu: neno alilotia mfasiri, na sababu unayodhani alilitia. Ukikosa sababu, andika neno uache mstari mtupu. Na soma kwa sauti, hata ya chini. Sentensi za kitabu hiki aya na tafsiri zimeshonwa pamoja, na sikio hulisikia pindo mapema kuliko jicho.

Sasa siku zako. Sisi watu wa pwani wengi tunafuata madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi kitabu cha tafsiri hakichukui hukumu ya msahafu iwapo maneno ya tafsiri yamezidi ya Kurani. Jalalayni kwa ufupi wake ipo ukingoni. Imepokewa kwamba mwanachuoni mmoja wa Yemen alizihesabu herufi, akakuta zinalingana mpaka Al-Muzzammil, na kuanzia Al-Muddaththir tafsiri ikazidi, akatoa hukumu kwamba yafaa kuibeba bila udhu. Mimi, na hasa kwa chapa yako yenye msahafu kamili katikati, nashika tahadhari: siishiki katika siku hizo. Lakini sikai bure. Kutazama kwa macho na kupitisha aya moyoni bila kuitamka kwa nia ya kisomo hakukatazwi, na daftari lako si msahafu. Basi siku hizo zifanye za marudio. Fungua daftari, pitia yale maneno yako, jaza mistari mitupu. Ukitaka kuthibitisha aya, tazama Jalalayni kwenye simu. Maulamaa wengi wa zama hizi hawaihesabu simu kuwa msahafu. Mimi nyingi za sababu nilizokuwa nimezikosa nimezipata katika siku hizo.

Imebaki aya yako ya 102. Wala si ajabu kukwama hapo. Ni aya ndefu, imejaa habari ndani ya habari, na Suyuti ndani yake ametia kauli mbili juu ya Haruta na Maruta. Anatanguliza ya sahaba Ibn Abbas kwamba walikuwa wachawi wawili waliokuwa wakifundisha uchawi, kisha anaandika *wa qila*, "na imesemwa", kwamba walikuwa malaika wawili walioteremshwa wawe mtihani kwa watu. Ulikuwa ukiziunganisha kauli mbili kuwa habari moja, ndiyo maana haikukaa. Kila uionapo *wa qila*, piga mstari mdogo kwa penseli mbele yake: hapo imeingia kauli nyingine. Na tahadhari moja: katika visa vya namna hii kitabu kina mahali ambapo kimebeba habari za Israiliyati, yaani visa vilivyopokewa kutoka kwa Mayahudi na Wakristo, na maulamaa waliokuja baadaye wamezikosoa. Kisa kikikushtua juu ya Nabii yeyote, usikimeze. Muulize mwalimu aliye karibu nawe.

Lakini si sasa. Tia kipande cha kitambaa kwenye ukurasa wa 16, ufunge, ufungue Wal-Asri. Daftari likifika nusu, niandikie yale maneno uliyoyaachia mistari mitupu, nami nitayachukua hapahapa.